Bei ya Mgonjwa

Jumatatu, 3 Machi

Basi leo duka langu la magodoro limeingizwa kwenye ile programu. Shemeji amenisumbua mwezi mzima — wenzako wote wamo, wewe umebaki kama kisiki. Haya, nimeingia. Anavyoeleza, siku hizi mtu hazunguki madukani. Anaiambia simu yake anataka godoro, simu inatafuta humo nani anauza, halafu inabishana bei yenyewe. Na upande wangu pia ipo mashine ya kujibu. Mashine kwa mashine! Mimi kazi yangu kuambiwa tu kwamba nimeuza.

Akaniuliza masharti, niyaseme kwa maneno yangu. Nikataja matatu. Isishuke chini ya bei niliyoweka. Isikopeshe mtu. Na anayemnunulia mgonjwa apewe kwa bei niliyonunulia. Shemeji akakunja uso, eti wema usizidi uwezo. Nikamwambia hilo halijadiliwi. Mama alilala miezi minane kwenye godoro lililokwisha, mgongo ukachubuka mpaka nyama ikaonekana. Nilimwahidi. Mwaka wa kumi na moja huu sijavunja.

Alhamisi, 6 Machi

Magodoro manne yameondoka bila mtu kukanyaga dukani. Nakiri nimefurahi. Ila sijazoea. Mteja ninayemjua mimi huingia, akabonyeza, akakalia, akataja bei ya matusi. Nacheka. Anatoka mpaka mlangoni, namwita, anarudi. Ndiyo biashara! Hawa madalali wa hewani hata salamu hawana. Nimesoma mazungumzo yao. Punguza. Siwezi. Punguza. Mara arobaini, na hakuna anayekaukwa na koo.

Winchi, mchukuzi wangu, tunamwita hivyo kwa sababu hubeba godoro zima kichwani kama kofia. Yeye anasema hana ugomvi nao, mradi hawajaota mabega.

Jumamosi, 8 Machi

Wagonjwa saba. Kwa siku moja! Kwani mji umeingiliwa na tauni?

Jumatatu, 10 Machi

Leo wameuliza kumi na watano. Wagonjwa kumi na wanne. Huyo mmoja mzima nadhani simu yake ni mbovu.

Nimekaa nikasoma yote. Dalali wa mteja anaomba apunguziwe. Wangu anakataa. Anaulizwa kama kuna punguzo lolote, na wangu — bwege! — anajibu, ndiyo, tuna bei ya mgonjwa. Palepale mteja anakuwa mgonjwa. Hata ugonjwa hautajwi. Hao ni wa Jumamosi. Wa leo hawaulizi tena, nadhani wameshaambizana, wanaingia wakiumwa tayari. Naibiwa mchana kweupe, na kwa mlango niliofungua mwenyewe.

Winchi kapeleka moja kwa “mgonjwa” wa ghorofa ya tatu. Kamkuta bwana harusi, buheri wa afya, akashika upande mmoja wakapandisha wote, jamaa anapiga mluzi. Nikamuuliza Winchi kwa nini hakurudi nalo.

“Mama, mimi nabeba magodoro,” akasema. “Sipimi homa.”

Nikampigia bwana harusi mwenyewe. Akashangaa kwelikweli. Yeye aliiambia simu itafute bei nzuri, basi, hakusema anaumwa. Yaani hakuna mwongo! Uongo umesemwa, aliyeusema hayupo. Hilo ndilo linaloniunguza. Mtu angesimama hapa mbele yangu ningeona macho yakipepesa.

Shemeji anasema lifute tu hilo sharti. Rahisi kwake. Wamchezee mama yangu, halafu nimfute yeye!

Jumanne, 11 Machi

Sikufuta. Nimeongeza. Kwa kidole changu, bila kumuuliza mtu. Bei ya mgonjwa ipo palepale, lakini mgonjwa mwenyewe aletwe hapa dukani nimwone kwa macho yangu. Tuone simu zitamleta nani.

Jumatano, 12 Machi

Kimya. Wagonjwa wote wamepona kwa siku moja! Nimecheka peke yangu mpaka mteja akanitazama. Njia ya mwongo fupi.

Shemeji alipita, nikamwonyesha kwa maringo. Akasoma, akauliza, na asiyeweza kuinuka je? Nikamwambia huyo atanipigia tuongee. Akasema namba yangu haionekani humo. Nikamwambia aache kunitafutia dosari.

Alhamisi, 13 Machi. Saa tano asubuhi

Naandika haya nikiwa dukani.

Saa nne imesimama pikapu hapa nje. Nyuma kalazwa mzee juu ya mlango wa mbao, mlango wa nyumba kabisa, kitasa bado kipo. Binti yake amemshikia mwavuli. Nikadhani wanapita tu kwenda hospitali. Binti akashuka, akaniamkia, akasema, “Tumeambiwa tumlete umwone. Ndiye huyu.” Akalivuta shuka mgongoni ili nione vizuri.

Nimeona. Mgongo ule naujua.

Sikumbuki nilijibu nini. Nilitaka kusema sikumkusudia yeye, nilikusudia wale wengine — wale! Winchi alinipita, akamnyanyua mzee peke yake, akamlaza kwenye godoro nene la mbele, lile la maonyesho. Mzee akashusha pumzi, akalala. Binti anasema hajapata usingizi siku tatu. Nikamwambia godoro ni lenu, chukueni bure. Akakataa. Simu imeshapatana, anasema, na wameshalipa. Halafu akanishukuru kwa bei. Kunishukuru mimi! Afadhali angenitukana.

Sasa mzee anakoroma katikati ya duka, sina moyo wa kumwamsha. Nimejaribu kulifuta lile sharti. Programu inasema halibadiliki wakati kuna wateja waliolikubali na wako njiani. Njiani! Nikauliza wangapi. Watatu. Shemeji hapokei simu.

Labda ni waongo. Ee Mungu, naomba wawe waongo.

Gari limesimama nje. Winchi katoka kutazama. Nasikia mtu anasema taratibu, mshikilieni kichwa —