Yangeyange kwenye Majani

Jumamosi, jioni

Eti mutoto! Ule papa, muzee mgeni wa Kinshasa, aliniita hivyo mbele ya wageni wote, mimi ninayewaongoza, na bado inaniuma.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Fisi maji wawili walikuja kucheza karibu na kayaki zetu, wageni wakafurahi sana. Kisha papa akaona kabonde ka majani mabichi, pale pale kando ya maji, akasema tushuke tukule.

Mimi niliona yangeyange mweupe, amekufa kwenye majani. Mabawa mazima, hakuna damu.

« Hapana, papa. Pale kuna mazuku. Ni hewa ya volkano, inalala kwenye mashimo, inaua mutu bila harufu, inazima hata moto. »

« Wewe mutoto, hizo ni hadithi za kutisha wageni. »

Akaanza kupiga kasia. Nikampita, nikamfungia njia. Nikachomeka karatasi kwenye ncha ya kasia yangu, nikaiwasha, nikabana pumzi, nikaisogeza juu ya majani.

Niandike ukweli: sikuwa na hakika. Huenda ule ndege alikufa kwa ugonjwa wake tu. Kama moto ungeendelea kuwaka, wangenicheka mpaka Goma, na nani angenipa tena wageni wa kuongoza?

Moto ulizimika mara moja, kama umemwagiwa maji.

Kisha papa akauliza, polepole:

« Mama, tupite wapi? »

Sijaolewa, sina mutoto. Lakini hilo jina nimelipokea.