Mwanga Uliomezwa Bondeni

Goma, kambi ya Bulengo
Tarehe 14 Mei 2023

Kwako Papa mpendwa,

Leo Jumapili, baada ya misa, nimejiapiza kukuandikia kila kitu, hata kile kinachonitia haya. Kwa simu ningelia kabla ya kumaliza. U hali gani? Mgongo umepoa? Sisi tu wazima. Mama anakusalimu. Mdogo wangu Daniella anauliza kama Butembo ndiko mbinguni, maana watu huenda wasirudi. Nimemwambia ni barabara tu iliyofungwa nyuma ya lori lako la maharagi.

Barua hii anaibeba Mama Rosine, jirani yetu wa tangu Kalengera. Anapanda ndege kesho kuja huko na atarudi Ijumaa.

Papa, shuleni tulipata mgeni. Maître Aubin, mwalimu wetu wa chimie, yaani kemia, alimleta Madame Julienne, mmoja wa wale wanaopima pumzi ya volkano. Alikuwa na sanduku la manjano lenye mpira mrefu mwembamba. Mpira unanyonya hewa na kuiingiza ndani. Upande mmoja wa sanduku kuna taa, lakini mwanga wake hatuuoni. Unaitwa infrarouge, ngozi huuhisi kama joto la makaa. Upande wa pili kuna kama jicho, linalopima mwanga uliofika.

Bénita, rafiki yangu, aliuliza mwanga usiofika unaibwa na nani. Madame akacheka, akasema unamezwa na wacheza ngoma. Basi Maître akatusimamisha uwanjani watatu tumeshikana mikono, Bénita katikati awe kaboni, sisi wa kando tuwe oksijeni. Alisema molekuli haitulii kamwe, inatikisika daima. Sisi wa kando tukivutana nje kwa pamoja, mwanga ule unapita tu. Lakini mmoja akisogea ndani na mwingine nje, kaboni akiyumba, na mwendo wao ukilingana na wa mwanga, wanaumeza. Bénita alikuwa haendi popote. Maître akampigia kelele, “Weye kaboni, yumba basi! Unasimama kama nguzo ya kanisa!” Tulicheka hadi tukaachana mikono.

Tangu siku hiyo nikifumba macho naona hewa yote inacheza kimyakimya juu ya mahema, katika moshi wa jikoni, katika pumzi ya Mama akilala. Naona watatu watatu, wameshikana, hawachoki. Pale uwanjani nilidhani ni kitu kizuri tu.

Kisha Madame akatupeleka nyuma ya mawe meusi ya volkano, kwenye bonde dogo lisilo na upepo, lenye majani mabichi. Wenyeji wa hapa huita mahali kama pale mazuku, na hawakanyagi. Sisi tuliotoka Rutshuru hatukulijua neno hilo. Akashusha mpira polepole. Kiunoni sanduku lilionyesha gaz carbonique, hewa ya wale watatu watatu, chini ya moja kwa mia. Magotini, sita. Majanini, thelathini na nane. Akasema hewa ile ni nzito, inalala chini kama maji. Aliyesimama anapumua vizuri, na mtoto aliyelazwa anazimia bila kulia.

Bonde lile nalijua.

Papa, asubuhi ile Daniella alipozimia, hakuwa kwenye mkeka wetu kama ulivyoambiwa. Shangazi Donatille alimpa uji, kisha mimi nikamfunga mgongoni nikavuka mawe, mahali ambapo Mama alinikataza. Unajua mimi hukariri masomo nikitembea. Mgongoni alikuwa anaimba. Nikaona pale hapana upepo, nikatandika kitenge, nikamlaza. Nikawa natembea kando yake na daftari langu. Nilipoinama, midomo yake ilikuwa na rangi ya ziwa. Nilimnyanyua, nikakimbia, na njiani akaanza kukohoa. Mama aliuliza amekula nini. Nikajibu, uji wa shangazi. Sikuongeza neno. Majirani wakasema ni sumu, na wewe kwa simu ukasema dada yako asilale tena katika hema letu. Nilimtazama akikunja blanketi lake.

Jana nilimwendea upande wa pili wa kambi, nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua majani ya sombe. Halafu akasema, “Mimi nilijua uji yangu ilikuwa muzuri, mutoto. Nilitia mule sukari yangu ya mwisho.” Nikamsihi arudi. Alikataa. Alisema aliyemfukuza ni wewe, mdogo wake, ambaye yeye alikubeba mgongoni utotoni; atarudi kwa neno lako, si kwa machozi yangu.

Mama pia anajua. Hakunipiga. Leo alipika uji, akaacha sahani moja imefunikwa, bila kusema ni ya nani.

Nisamehe, Papa. Nikimaliza masomo nataka kubeba sanduku kama lile, nizunguke mabonde yote ya huku kabla watu hawajatandika. Uwasalimie wote wa nyumba uliyofikia, na Mungu akulinde hadi barabara ifunguke.

Ni mimi binti yako,
Kasoki

Ijumaa nitamngoja Mama Rosine nje ya uwanja wa ndege. Papa, nimpelekee shangazi neno gani kutoka kwako?