Mume wa Sinema

Njombe, Jumanne

Mama Neema mpenzi,

Hamjambo wewe na mtoto? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Jana yule Bwana wa picha za sinema ninayemtafsiria alitaka kuonyesha mume akirudi kutoka mashamba ya mkonge. Aliyechaguliwa kuwa mume aliugua, nikavikwa koti mimi. Mke alikuwa Mama Tulinagwe, mkulima wa hapa. Mumewe wa kweli alikwenda mkongeni Tanga miaka sita iliyopita, na hajarudi.

Nikatokea ukunguni, nikamsalimu kwa Kibena kama nilivyofundishwa: "Kamwene."

Alinitazama sana. Kisha akanishika mkono, akaniingiza jikoni, akaniwekea ugali na maharage huku machozi yakimtiririka. Jikoni kulikuwa na giza, kamera ikabaki nje. Bwana akaita turudie.

"Mwambie Bwana wako nimechoka kungoja," Mama Tulinagwe akaniambia taratibu. "Huyu ameshafika. Amwache ale."

Nikala, na kwa kitambo sikujua mimi ni nani.

Leo nimeomba ruhusa, nimepewa. Kesho napanda lori la Makambako, nirudi nyumbani. Mbusu Neema. Nikibisha hodi, usiulize ni nani, fungua tu.

Wako,
Baba Neema