Kiapo Nilichokula Kibondo

Kitanga,
Kasulu, Kigoma.
Jumapili, 16 Novemba.

Mpendwa Epifania,

Amahoro, mwanangu. Hujambo na joto la Dodoma? Sisi tu wazima kiasi. Goti langu linanisumbua, na mke wangu Manirambona anakohoa, lakini shambani haachi kwenda. Mvua zimeshika, maharage yameota vizuri. Naomba uwe unakula, maana nakujua ukiwa na mawazo.

Tangu uliponipigia kuniambia kwamba wizarani wanapunguza watumishi, na wanaanza na wale ambao majalada yao hayalingani na vitambulisho, sijapata raha. Kitambulisho chako kinasema baba yako ni Ndayikunda. Fomu zako zote, tangu shule hadi ajira, zinasema ni Pasikali Nsabimana. Kosa ni langu. Ulikuwa na miaka saba, Baba yetu tulikuwa tumeshamzika, mwalimu akataka jina la mzazi aliye hai. Nikaandika la kwangu, nikaona nimemaliza kazi.

Basi Alhamisi nilikwenda Kibondo, ulikozaliwa. Ofisini nilikuta meza tatu na mtu mmoja. Huko nako wamepunguzwa. Huyo aliyebaki ni mgeni wa mkoa huu, hakuelewa vipi mimi Nsabimana na wewe Mpawenimana tuzaliwe na mtu mmoja. Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hatugawani la baba. Alinitazama kama muuza dawa wa stendi. Nilirudia maelezo hayo mpaka nikachoka kuyasikia.

Mwisho akanielekeza kwa wakili. Huyo akasema kuna njia mbili: niape kuwa mimi ndiye baba yako, kitambulisho kibadilishwe, au niape kuwa ni kaka yako tu, na kwamba shuleni niliandika uongo.

Sitakuficha, niliitaka ile ya kwanza. Nimekulea miaka ishirini na sita, hujawahi kuniita kaka. Lakini nilikuwa nimekwenda na Mzee Sylvesta awe shahidi, kwa kuwa alikuwepo siku uliyopewa jina. Akaniambia, "We Pasikali, usimtoe Ndayikunda kwenye karatasi. Hana kingine alichobakiza." Nikaapa ile ya pili.

Hati imo humu kwenye bahasha. Nampa Hamis, yule mwenye duka Kasulu mjini, anakuja huko kesho kufuata bidhaa. Sijui kama watakubali, wala kama Ijumaa hiyo waliyokupa iwe mwisho wa kupeleka hati haijapangwa tu ili watu wachelewe. Nimechoka kukisia. Wakikuondoa, rudi. Kitanda chako hakuna aliyekilalia.

Manirambona anakusalimu sana. Mwanetu Anania naye anakusalimu, anataka kujua kama bado hujajifunza kupika ugali wa muhogo. Mpe salamu shoga yako Kudra, unayekaa naye.

Jambo moja nakuomba. Hati hiyo uikabidhi bila kuisoma. Mstari wa tatu unasema mimi si baba yako. Wakili alitaka niutamke kwa sauti, na mara ya kwanza hakunisikia, ikabidi niurudie. Imeniuma, Epifania.

Mungu akutangulie mbele ya hao watu.

Mimi niliyekulea, na ninayekupenda,
Pasikali