Kofia Yako Siku ya Joho

Ruhuwiko, Songea

Baba,

Shikamoo. Sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na sitaanza leo eti kwa sababu umelala Namtumbo na hunijibu. Basi sikia: nimepata! Chuo nimepata, na mkopo wa serikali nimepata, ada yote pamoja na hela ya chakula na malazi. Nimesoma jina langu kwenye simu ya Mama mara nne, ya tano nikamwomba asome yeye, maana macho yangu nilikuwa siyaamini. Amepiga vigelegele mpaka uji wa wateja ukafurika jikoni. Nakwenda Morogoro, Baba. Editruda wako, yule wa kuamshwa kwa maji!

Nakwenda kusomea misitu. Usicheke. Majirani wamenicheka vya kutosha, wanadhani nitarudi na gwanda kukimbizana na wachoma mkaa. Wewe unajua ilipoanzia. Ilianzia kwenye bani lako la tumbaku, tulipokuwa tunakaa kwenye lile gogo la mninga, wewe unachochea moto wa kukaushia majani na kuniuliza nitakuwa nani. Wiki hii nesi, wiki ijayo mwalimu, siku moja nikasema rubani. Hukunipinga hata mara moja. "Sawa, rubani. Kwanza lete gogo." Nikilileta unauliza, "Mti huu tunauchoma. Tumepanda mingapi?" Nilidhani unanitania. Kumbe ulikuwa unanichagulia kazi polepole, na mimi niko bize na kuni.

Sasa nikueleze jinsi ilivyokaribia kuharibika, kwa sababu kuna mtu anahitaji neno lako.

Siku ya kumaliza matanga yako, ukoo ulimvalisha Baba mdogo Ditramu kofia yako, ile ya kahawia yenye ukingo uliopinda. Wazee wakasema, "Kuanzia leo watoto hawa wana baba." Akaapa mbele ya watu. Na hakuapa kwa mdomo tu. Mimi na Mama tulipohamia hapa Ruhuwiko ili nimalizie shule, yeye alibaki na bani lako, na kila muhula gunia la mahindi lilifika kabla hatujaomba. Kwenye vikao vya wazazi alikuja, kofia kichwani, akauliza maswali mpaka walimu wakachoka.

Basi siku ya kujaza maombi ya mkopo tukaenda naye steshenari. Kijana wa kompyuta akauliza, "Baba yuko hai?" Kabla sijafungua mdomo, Baba mdogo akajibu, "Yuko hai. Si huyu hapa? Andika: mkulima, ana bani." Usidhani hakuelewa. Alielewa vizuri kuliko yule kijana. Ila kwake, kutamka mbele ya mgeni kwamba sina baba kulikuwa ni kuvunja kiapo. Na mimi, niseme ukweli, nilinyamaza. Ningemkosoaje mzee mbele za watu? Maombi yakatumwa hivyohivyo.

Yakarudi. Maelezo hayaendani na cheti changu cha kuzaliwa. Nirekebishe, nipeleke cheti chako cha kifo na maelezo ya mlezi yaliyosainiwa mbele ya mtendaji, ndani ya siku nne. La sivyo mwaka huu hakuna mkopo, na bila mkopo hakuna Morogoro, maana uji wa Mama unatulisha lakini chuo haukiwezi. Cheti Mama alikuwa nacho, amekiviringisha ndani ya kitenge. Kilichokosekana ni saini ya Baba mdogo. Nikampigia simu. "Edi, unataka nikaseme kwa mtendaji kwamba mie si baba yako? Tafuta mtu mwingine." Akakata. Siku mbili hakupokea.

Siku ya tatu nikaenda Namtumbo. Nilimkuta nyuma ya bani anapanga kuni za msimu ujao. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, ya fomu na taratibu. Yote ikayeyuka. Nikaokota gogo, nikampa, halafu nikaanza kulia. Nililia kwa ajili ya chuo na kwa ajili yako, sijui lipi lilikuwa kubwa. Kisha nikamwambia, "Baba, karatasi itakuita mlezi. Mimi sitakuita hivyo hata siku moja." (Kwako naandika Baba mdogo ili usichanganyikiwe. Kwake ni Baba tu, tangu siku ile ya kofia.)

Alilishika lile gogo muda mrefu bila kulipanga. Akasema, "Tangu tumemzika, sijawahi kusema kwamba kaka amekufa. Hata mara moja." Nikakumbuka, na ni kweli. Huwa anasema "kaka hayupo", kama vile umekwenda Songea kufuata mbolea.

Asubuhi tukaenda kwa mtendaji. Alivua kofia mlangoni. Akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia, "Kaka yangu amekufa. Huyu ni mtoto wake. Mimi ni mlezi." Akasaini, herufi mojamoja. Tulituma siku hiyohiyo, dirisha la maombi likiwa karibu kufungwa.

Tangu pale hajaivaa tena kofia yako. Mama anasema ameitundika kwenye msumari ndani ya bani, hataki iguswe wala aulizwe habari zake. Leo nilipompa habari kwenye simu alipiga kelele za furaha mpaka nikamsikia mbwa wake akibweka. Halafu akasema, "Mwambie baba yako." Ndiyo maana nakuandikia.

Jumamosi nakuja makaburini kukusomea barua hii, na yeye nitamwomba asimame karibu ili asikie. Kwa hiyo Baba, msamehe, ingawa najua huna cha kusamehe. Hakukukana. Alikuwa wa mwisho kati yetu kukubali kwamba umekwenda, na alikubali kwa ajili yangu. Mimi hapa nina furaha mpaka miguu haitulii, na kila nikiifikiria furaha hii naiona ile karatasi na saini yake ya herufi mojamoja.

Pumzika sasa, Baba. Nakuahidi nikimaliza nitarudi Namtumbo nianzishe kitalu cha miche, na nitakujibu lile swali lako la tumepanda mingapi. Na siku nitakayovaa joho, yeye atakaa kiti cha mbele na kofia yako kichwani, hata kama itabidi niing'oe pamoja na msumari. Mtu akiuliza kama baba yangu yuko hai, safari hii nitajibu mimi kabla yeye hajafungua mdomo: si huyu hapa?

Mwanao,
Editruda