Nilichomfundisha Neema

Alhamisi

Na mimi ndiye niliyewaambia. Wiki nzima nimewafundisha hawa wa mwaka wa kwanza kuomba nafasi ya fildi, yaani mafunzo ya kazini: mpe mtu mkono, mtazame usoni, sema habari za asubuhi.

Leo Neema, mmoja wao, akaenda mjini Mkuu, kwenye ofisi ya ushirika wa maziwa. Msimamizi ni mzee, umri wa babu yake. Kwao Mwika hampiti mzee bila shikamoo. Leo akampa mkono, akamwambia habari za asubuhi.

“Chuoni mnafundishwa nini?” Mzee akamrudishia barua yake ya maombi bila kuisoma.

Bila fildi atarudia mwaka. Kesho nitawaambia nini wenzake?

“Nilifanya kama ulivyosema, mwalimu,” Neema aliniambia aliporudi chuoni. Machozi yalimtiririka, lakini alinitazama usoni mpaka mwisho.