Gari la Baba na Mchanga wa Kilombero

Kibaoni,
S.L.P. 214,
Ifakara.
8 Desemba 1996

Mpendwa kaka yangu Apolinari,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta huko Kigoma ukiwa mzima, wewe na wifi yangu Wilhelmina na watoto. Je, kifua cha wifi kimepoa? Ulisema upepo wa ziwani humsumbua asubuhi. Mwambie anywe maji ya moto yenye tangawizi na ajifunge khanga kifuani, asione aibu.

Sisi huku tunaamka. Goti la Mama ni lile lile, lakini mwaka huu ameandaa shamba kubwa zaidi kule Idete na hataki kusikia habari ya kupumzika. Mpunga wa mwaka jana bado tunaula. Mvua hapa mjini ilikuwa haijaanza mpaka juzi.

Asante kwa kitenge mlichotuma cha harusi. Nimekishona gauni, na kila nikilivaa nasema kaka yangu yuko hapa. Nilikulilia sana siku ile kanisani, kwa kuwa hukupata ruhusa kazini. Basi uliposema unakuja Januari kwa likizo, nilipaswa kuruka kwa furaha. Kaka, sikuruka. Niliketi chini. Nitakueleza yote, ila niache nianze na tamu, maana chungu litakuja lenyewe.

Hujamwona Lukelo kwa macho yako, umemwona kwenye picha tu, na ile picha imemdhulumu. Haionyeshi anavyocheka kwa kuinamisha kichwa kama mtu aliyeona haya. Ni fundi wa kuchomelea kule Kidatu, na kila Jumamosi alikuwa akishuka kwenye basi na mafuta ya mashine nyuma ya masikio, nami nayafuta kwa ncha ya khanga. Mimi niliyemaliza kidato cha nne na kuandika insha za kurasa tano, mbele yake nakosa maneno. Huniita Dati. Akiniita hivyo nikiwa kisimani, ndoo hujaa ikamwagika na mimi bado nachota. Sikujua, kaka, kwamba mtu anaweza kupendwa hivi na bado akaweza kula chakula.

Mara ya kwanza nilipomwonyesha Volkswagen ya Baba pale uani kwa Mama, aliizunguka mara mbili. Kuku watatu walikuwa wamelala kwenye kiti cha nyuma. Akasema, "Dati, hili si gari. Hili ni banda la kuku lenye usukani."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ukurasa aliouchana kwenye gazeti la zamani la mhandisi mmoja Mzungu. Ilikuwa picha ya gari lisilo na bodi, mabomba matupu na matairi manene, linaruka juu ya kilima cha mchanga. Chini ya mabomba yale lilikuwa Volkswagen kama letu. Ameitunza picha ile tangu akiwa kijana. Akanieleza kwamba bonde letu ni mchanga nusu mwaka na tope nusu mwaka, gari zito huzama, jepesi hupita. Angelikata, angelipunguza uzito, na Mama asingetembea tena kwenda Idete na goti lile.

Aliniuliza, "Kaka yako atakubali?" Nikasema nitakuandikia.

Sikuandika. Nilijua neno ulilotuachia ulipoondoka, kwamba asiliguse mtu mpaka urudi. Nilichukua kalamu mara tatu, na mara zote nikaona jibu lako kabla sijaandika salamu. Wiki ya tatu akaniuliza tena. Alikuwa ameshika ile picha. Nikamtazama usoni, mume wangu wa mwezi mmoja, nikasema, "Ameridhia. Amesema lifanyeni." Na Mama nikamwambia vivyo hivyo. Mama akajibu, "Kama Apolinari amesema, mimi ni nani?" Akaenda kuhamisha kuku.

Huo ndio uongo wangu, kaka. Nimeuandika kwa mkono wangu ili usimtafute mwingine.

Hatukuwa na kitu, tulikuwa na mikono tu. Injini ilikuwa imeganda kwa miaka tisa. Lukelo alimimina mafuta ya taa ndani, akaiacha siku tatu, kisha akawa anaizungusha kidogo kidogo kwa mkono kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Alikata bodi yote. Alifupisha sakafu ya chuma zaidi ya futi moja, akaiunga tena kwa mashine ya kukodi. Mabomba ya fremu yalikuwa ya maji, yaliyotupwa baada ya kuchimbuliwa barabarani. Matairi ya nyuma yalitoka kwenye Land Rover iliyokufa. Taa ilikuwa moja, ya pikipiki. Viti hatukuwa navyo, ndipo yule Msukuma rafiki yake, Mayunga, anayechunga ng'ombe upande wa Idete, akaleta ngozi mbichi akazikata mikanda na kusuka viti viwili. Vilinuka mwezi mzima! Mayunga akasema, "Shemeji, ukikaa hapa ng'ombe watakuamkia."

Majirani walituchosha kwa maneno. Mzee Fulgensi alisimama kila jioni kwenye ua wake. "Mkwe wetu, umelivua gari nguo. Utaliogesha lini?" Lukelo naye anamjibu, "Mzee, likishaoga nitakupandisha wewe kwanza." Na kweli alimpandisha. Mzee alishuka ameshika kofia kwa mikono miwili, hakutania tena.

Siku lilipowaka nililia. Sauti ilikuwa ile ile, kaka, ile ya Baba akirudi kutoka kwa wakulima, tukitambua ni yeye hata kabla hajapinda kona. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama tu, akasikiliza. Halafu akarudi jikoni, na siku ile wali uliungua.

Mara mbili lilimpeleka Mama Idete na kumrudisha. Nataka ujue hilo. Alikaa kwenye kiti cha ngozi amejifunga khanga kichwani, akawapungia watu kama mke wa mkuu wa wilaya.

Sasa chungu.

Jumapili ya tarehe 24 Novemba tulitoka mimi na Lukelo peke yetu, tukaenda mtoni, juu kidogo ya kivuko. Maji yalikuwa yamekauka sana na mchanga ulikuwa mweupe, mpana kama uwanja. Alitaka kuliendesha kama kwenye picha yake. Kaka, lilikimbia! Liliruka vilima vya mchanga, nami nimemshika kiunoni napiga kelele, nikisema moyoni, Mungu wangu, kama kuna furaha zaidi ya hii usinipe, nitapasuka.

Jua lilipoanza kushuka, mkanda wa feni ukakatika. Injini ile hupozwa kwa upepo wa feni, bila mkanda ingeungua. Akasema tuliache, akatafute mkanda mjini, tulichukue asubuhi. Lilikuwa katikati ya mchanga, mbali na maji. Akaniuliza mimi, mtoto wa hapa, kwa sababu yeye ni mtu wa Njombe, "Hapa ni salama?"

Nilikuwa nimesimama maji yakifika kwenye vifundo. Yalikuwa baridi kuliko mchana. Na niliona povu, kaka. Lile povu la kahawia lenye vijiti vidogo. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: povu likipita, ondoka mchangani, milimani kumenyesha, usiangalie mbingu za Ifakara. Kila mtoto wa Kivukoni anajua. Nililiona kwa macho haya. Lakini kichwa changu kilikuwa begani kwa mume wangu na mbingu zilikuwa safi. Nikasema, "Mvua hata haijaanza, mpenzi. Twende."

Asubuhi tulipofika hapakuwa na mchanga. Mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, mwekundu, unapita kimya kama mtu asiyetaka kuulizwa. Lukelo alisimama na mkanda mpya mkononi. Akasema polepole, "Haya ni maji ya kwetu, yameshuka kutoka milima ya Njombe. Maji ya kwetu yamechukua gari la kwenu."

Venance wa pale kivukoni, yule mvuvi uliyesoma naye, alitafuta siku mbili na mtumbwi wake. Siku ya kwanza upondo wake, ule mti wa kusukumia mtumbwi, uligonga chuma chini. Akaweka alama kwa kuangalia miti. Siku ya pili alichoma mahali pale pale, upondo ukazama kwenye mchanga tu. Akatuambia tuache, mchanga umeshalimeza. Tairi moja la akiba ndilo lililopatikana.

Mama hakunikemea. Alichukua ufagio akafagia pale mahali lilipokuwa limesimama miaka yote, akafagia mpaka ardhi ikang'aa. Natamani angenipiga.

Siku nne baadaye ikaja barua yako. Uliiandika kwa majina yetu sote wawili, basi Lukelo akaifungua, akasoma kwa sauti, mimi nikiwa nachambua mchele. Akasoma habari ya likizo. Akasoma ulivyopata kabureta nzima na kuifunga kwenye shati lako la zamani. Kisha akasoma, "Shemeji, nakuomba ulitunze tu, usiliguse. Nikija tutalifufua pamoja, mimi na wewe, kama ndugu." Hapo akaacha kusoma kwa sauti. Alirudia mstari ule kimya, midomo ikicheza.

Akaniambia, "Dativa, uliniambia ameridhia."

Dativa. Si Dati. Nilisema niliogopa ataachana na lile gari. Nilisema nilitaka kumwona akifurahi. Akajibu, "Umenifanya mwizi ukweni kwangu, na mimi nikicheka."

Hakupiga kelele, kaka. Alikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akaondoka na basi la mchana kwenda Kidatu ingawa haikuwa siku ya kazi. Jana alikuja. Aliacha sukari na sabuni mlangoni petu. Kisha akaenda kumsalimu Mama, lakini hakuingia uani. Alisimama barabarani akasema shikamoo kutoka pale. Mama akamwambia, "Pita baba, kiti hiki hapa." Akakataa. Alivyolelewa na babu yake, mkwe aliyeharibu kitu cha ukweni hakalii kiti cha nyumba ile mpaka mwenye kitu atamke neno. Mama alimsihi, akasema yeye ni mjane wa mwenye gari, anaweza kutamka. Lukelo akajibu kwa heshima zote, "Mama, lilikuwa na mwenyewe. Yuko Kigoma." Kwangu alilala chumba cha mbele, kwenye mkeka. Leo alfajiri alikuwa ameshaondoka.

Usiku ule nilikuwa nimemwomba, nikiwa mlangoni pa chumba kile, akuandikie yeye, kwa kuwa anajua kueleza habari ya mabomba na injini. Akasema, "Andika wewe, kwa mkono wako. Ukimaliza usinionyeshe."

Basi nimeandika, na sijui umefika mstari huu ukiwa umekaa au umesimama. Najua nimemzika Baba mara ya pili bila kukuita msibani. Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Labda Januari utanitazama na hutanisalimu, nami nitakupokea mzigo stesheni na kutembea nyuma yako mpaka nyumbani.

Ninaloomba ni jingine. Usinijibu mimi. Mwandikie Lukelo, kwa jina lake peke yake, na umwambie ajue kwamba wewe unajua hakuiba. Hata kama ni mistari miwili. Hata kama mstari wa pili ni wa hasira. Nitaipokea posta, sitaifungua, nitaipeleka Kidatu kwa mkono wangu. Akiisha kuisoma akaingia uani kwa Mama akakaa, mimi nitasimama nje pale barabarani alipokuwa amesimama yeye, kungoja zamu yangu.

Mama anakusalimu sana, anasema uje bila kuchelewa. Mama mdogo Yosefina wa Idete anakusalimu, na Mzee Fulgensi, na Venance anauliza kama huko ziwani nako wavuvi wanatumia upondo. Mbusu wifi Wilhelmina kwa niaba yangu, na watoto mmoja mmoja. Mungu awafunike wote kwa mkono wake, awavushe salama reli zote mbili, ya Kati na ya TAZARA, mpaka hapa kwetu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye hata siku utakazoninunia,

Dativa